KUONA WINO KWA MWANGA USIOONEKANA

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na mwenzetu aliyemaliza kidato cha nne mwaka 1979, ambaye alikuwa fundi sanifu wa maabara hadi alipostaafu.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu wetu mliostaafu ambao bado tunawaogopa, na ndugu zangu wote wa mabweni yote manne.

Kamati imeniomba niseme machache juu ya jambo la sita katika ajenda yetu ya leo, yaani lile ombi la maabara ya chuo kwamba tuwachangie kununua hadubini ya infraredi. Wengi mmeniuliza tangu asubuhi, pale kwenye chai, hiyo infraredi ni mnyama gani. Mimi nimekaa na mnyama huyo miaka mingi. Amenilisha, amenisomeshea watoto, na siku moja aliniaibisha vibaya sana. Nitayasema yote, maana nikisema mazuri tu mtakuwa mmetoa fedha zenu gizani.

Kwanza naomba kila mwenye simu aitoe mfukoni. Washeni kamera, ile ya upande wa uso. Ndugu Katibu, niazime hiyo rimoti ya televisheni. Haya, naielekeza kwenu, nabonyeza. Kwa macho matupu hakuna kitu. Sasa tazameni kwenye simu.

(Sauti za mshangao ukumbini.)

Naam. Hiyo nuru ya zambarau ndiyo infraredi. Wala zambarau si rangi yake, kwa sababu machoni petu haina rangi. Kamera imeiona, ikakosa namna ya kuieleza, ikaipaka rangi iliyokuwa karibu. Wale ambao simu zao hazikuonyesha kitu wasikasirike. Simu hizo zina chujio kali mbele ya kamera, na habari za chujio hilo nitazirudia.

Aliyeigundua nuru hii ni William Herschel, mtu yule yule aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Mwaka 1800 aliupitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, kama tulivyofanya na Mwalimu wetu wa fizikia katika chumba kile chenye mapazia yaliyotoboka. Akaweka vipimajoto juu ya kila rangi ili ajue ipi ina joto zaidi. Kisha akaweka kipimajoto nje ya wekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Hicho ndicho kilichopanda kupita vyote. Yaani baada ya nyekundu jua bado linaendelea kutoa miale, ila sisi hatukupewa macho yake.

Miale hiyo haiko ya namna moja, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa kuwa ombi lililo mbele yetu limezichanganya. Mwanga tunaouona huishia penye wimbi la urefu wa kama maikromita 0.7, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kuanzia hapo mpaka 2.5 huitwa infraredi ya karibu. Kutoka 2.5 hadi 25 ni infraredi ya kati. Mbele ya hapo ni ya mbali, nayo leo haituhusu.

Infraredi ya kati ndiyo mfalme wa maabara. Kila molekuli ni atomu zilizoshikana, na mshikano huo hutikisika kama kamba ya zeze. Kila mshikano una mtikisiko wake, na mitikisiko hiyo huangukia katika infraredi ya kati. Ukiupitisha mwanga huo katika mafuta, mafuta hula sehemu zao. Protini hula zake. Maji hula nyingi mno. Ukichora kilichobaki unapata mstari wa vilima na mabonde ambao mzoefu huusoma kama mama anavyosoma uso wa mtoto aliyevunja sahani. Sasa ukiunganisha chombo hicho na hadubini unaweza kuelekeza kwenye chembe moja ndogo na kuuliza: wewe ni nini? Hiyo ndiyo hadubini ya infraredi inayoombwa.

Uzuri wake siukatai. Lakini tazameni gharama, na sisemi bei ya dukani tu. Kioo cha kawaida hakipitishi infraredi ya kati. Mbele yake ni kama ukuta. Kwa hiyo lenzi zote mnazozijua hazifai, wala vile vipande vya kioo vya kuwekea vielelezo havifai. Sharti utumie vioo vya kuakisi vilivyopindwa kwa ustadi, na vielelezo uviweke juu ya fuwele za chumvi maalumu au juu ya kitu king'aacho. Kitambuzi chake kilicho bora hufanya kazi kikiwa kimepozwa kwa naitrojeni kimiminika, ambayo ubaridi wake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni hiyo haikai. Unaijaza asubuhi, jioni imekwenda. Chombo kizima hufika na kupita dola 100,000, na hapo hujalipa fundi wa kuja kukitazama.

Tena kuna adui wa pwani, ambaye ni hewa yetu. Ndani ya mashine za namna hii kuna kipande cha kugawa mwanga, na aghalabu kipande hicho hutengenezwa kwa bromidi ya potasiamu. Ni chumvi, ndugu zangu. Mnajua hali ya chumvi ya mezani mwezi wa Aprili hapa mjini. Kipande hicho kikivuta unyevu huwa na ukungu kama jicho la mzee, na kikiwa hivyo hakuna dawa ila kununua kingine. Dawa ya kinga ni kuiacha mashine ikiwa na umeme usiku na mchana ili ndani yake mbaki na joto, na kubadilisha silika jeli kila inapogeuka kutoka buluu kuwa pinki. Maabara niliyofanyia kazi ilipata mashine ya msaada. Ilikuja na mkataba wa kutengenezwa wa mwaka mmoja. Mwaka wa pili umeme ulikatika Ijumaa jioni, tukarudi Jumatatu, na siku chache baadaye mstari ulianza kufifia. Tuliandika barua. Mashine ile ilifunikwa kitambaa cha maua, na nilipostaafu kitambaa kilikuwa cha tatu.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Mwaka 1993, mashine ile ikiwa bado nzima, mwenzetu mmoja alinijia na karatasi. Yumo humu ndani, tulikaa naye dawati moja, na amenipa ruhusa niyaseme haya bila kumtaja. Ilikuwa karatasi ya babu yake, ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, inayoeleza shamba la minazi na majina ya warithi. Wino wake ulikuwa wa rangi ya kahawia, na mahali pengine ulikuwa umeila karatasi hata herufi zimekuwa matundu. Alichotaka ni kidogo tu: nimwambie wino gani ule, na afanye nini usizidi kula.

Nami nilikuwa kijana mwenye mashine mpya. Nilitafuta mahali penye wino mwingi, nikakata kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, pale chini pembeni. Nikakisaga pamoja na bromidi ya potasiamu, nikakigandamiza kikawa kidonge kinachopenya mwanga, kama vitabu vilivyofundisha. Nikapiga mwanga. Jibu likaja zuri, mstari safi kabisa: selulosi na maji. Yaani karatasi. Wino ni mchache mno ukilinganisha na karatasi inayoubeba, kwa hiyo sauti yake ilimezwa. Kwa msaada wa mashine ya maelfu ya dola niligundua kwamba karatasi ni karatasi.

Mwenzetu alipoitazama karatasi yake aliniuliza, “Na hapa chini palikuwa na nini?” Palikuwa na mwaka. Waandishi wa zamani, kama mjuavyo, huweka tarehe mwishoni. Nilikuwa nimeusaga mwaka. Na shauri la shamba lile lilipofika mbele, karatasi isiyo na tarehe ilihesabiwa kuwa masimulizi tu. Familia wakakubaliana kwa kupata pungufu. Hakunitukana hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta njia ya kuuliza wino swali lile bila mkasi. Na njia ipo, haihitaji infraredi ya kati wala naitrojeni. Inahitaji infraredi ya karibu, ile ya rimoti.

Wino wa zamani kwa jumla ni wa makundi matatu. Kuna wa masizi, ambao ni makaa ya taa au ya chungu yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi ya mti. Kuna wa mimea, yaani maji makali ya magome au matunda, yale yanayokausha ulimi. Na kuna wa chuma, ambao ni maji hayo hayo ya mimea yakitiwa salfeti ya chuma, yakawa meusi. Kwa macho wote wanaweza kuwa weusi au kahawia, hasa wakizeeka. Lakini ukimulika kwa mwanga wa nanomita 940, yaani maikromita 0.94, ambao ndio mwanga wa rimoti nyingi, mambo hubadilika. Wino wa masizi hubaki mweusi ti, kwa kuwa kaboni hula mwanga wa kila namna. Wino wa chuma hufifia, ukawa wa kijivu hafifu. Wino wa mimea peke yake hutoweka kabisa, unabaki na karatasi nyeupe kana kwamba hakuna aliyeandika. Wataalamu wa miswada huko Ujerumani hutumia jambo hili kama hatua ya kwanza kabisa ya uchunguzi, kwa hadubini ndogo ya mkononi inayochomekwa kwenye kompyuta, yenye taa za urujuanimno na za nanomita 940. Bei yake ni dola mia kadhaa, hata elfu moja haihitajiki kwa zilizo nyingi.

Wala si jambo jipya. Miaka ya 1950, magombo yale ya Bahari ya Chumvi yalipookotwa, ngozi zake nyingi zilikuwa zimekuwa nyeusi hata hazisomeki. Mpigapicha Najib Albina, wa jumba la makumbusho lililokuwa Yerusalemu, alizipiga kwa filamu ya infraredi, na maandishi ya wino wa kaboni yakajitokeza juu ya ngozi kana kwamba yameandikwa jana.

(Mtu mmoja kaniuliza pembeni habari za kombe la zafarani. Naam, zafarani hutoweka kabisa chini ya taa hii. Lakini anayetaka kulisoma kombe badala ya kulinywa, hilo ni shauri lake na aliyemwandikia.)

Kwa nini kujua wino ni muhimu? Si udadisi tu. Wino wa masizi hukaa juu ya karatasi na huweza kubanduka. Ukiupangusa kwa kitambaa chenye maji umeupoteza. Wino wa chuma umezama ndani, una asidi, na chuma chake huendelea kuila karatasi polepole. Huo ukitiwa unyevu, chuma hutembea kwenda pasipokuwa na maandishi, na mwaka wa pili unaona matundu mapya. Kwa hiyo wale wanaozifungua karatasi zilizokunjamana kwa mvuke wa birika wanafanya jambo ambalo kwa wino mmoja ni kosa dogo na kwa mwingine ni kuua. Pwani hii ina makaratasi mengi kuliko watu wanavyodhani. Kuna barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 ambazo zimehifadhiwa Goa. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Hizo ni zilizobahatika kujulikana. Nyingine zimo katika masanduku ya mama zetu, chini ya kanga.

Hadubini ninayoitumia sasa niliijenga mwenyewe, na vyote nilivyonunua havikufika bei ya simu ya kawaida. Nitaeleza kidogo, kwa kuwa najua wapo humu watakaotaka kuijaribu na wajukuu.

Kitambuzi cha kamera yoyote ya siku hizi ni silikoni, na silikoni kwa tabia yake huona mpaka karibu na maikromita 1.1. Viwanda huweka chujio dogo mbele yake ili isione infraredi, maana picha za harusi zingeharibika rangi. Ukichukua kamera ya kompyuta iliyotupwa, ukaifungua na kukiondoa kipande hicho chenye mng'ao wa kijani au wekundu, kamera imepata macho mapya. Asiyetaka kufungua anaweza kununua kamera isiyo na chujio. Ile ndogo ya Raspberry Pi ya namna hiyo ilitoka mwaka 2013 kwa dola 25. Kisha igeuze lenzi yake, ile sehemu ya nje itazame ndani. Lenzi iliyokuwa ikidogosha nyumba sasa inakuza herufi.

Taa ni diodi za nanomita 940, nne zinatosha, mbili kila upande ili kusiwe na kivuli. Chumba kiwe na giza, au uweke chujio la kuzuia mwanga wa kawaida. Mimi nilitumia mwisho wa filamu ya rangi iliyokwisha kusafishwa, ile sehemu nyeusi iliyopigwa na jua. Inazuia mwanga tunaouona na kupitisha infraredi. Kumbukeni tu kwamba mahali pa kuona vizuri hubadilika: ukiitengeneza herufi ionekane safi kwa taa ya kawaida, ukawasha infraredi itakuwa na ukungu mpaka urekebishe tena. Siku ya kwanza nilidhani nimenunua kamera mbovu. Na usikodolee macho diodi kali kwa karibu. Jicho halioni, kwa hiyo halifumbi, na joto linaingia.

Kwa mwili wa hadubini wenyewe, mimi nilitumia mbao na skrubu. Vijana wana njia bora. Ipo hadubini iitwayo OpenFlexure, iliyobuniwa Uingereza, ambayo michoro yake hutolewa bure, na mwili wake huchapwa kwa plastiki. Imetengenezwa Dar es Salaam, ikajaribiwa pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara katika kazi ya malaria. Ikivunjika kipande unachapa kingine. Hiyo nukta peke yake kwangu ina thamani kuliko mkataba wa mwaka mmoja.

Na si wino tu. Mwaka 2023 mhandisi mmoja Mmarekani, Andrew Huang, alieleza hadharani namna ya kutazama ndani ya vipande vya kompyuta kwa kamera rahisi isiyo na chujio na taa ya nanomita elfu moja na kitu, kwa kuwa hapo silikoni yenyewe huanza kupenyeza mwanga kama kioo cha moshi. Anataka mnunuzi aweze kukagua kama kilichomo ndani ndicho alichouziwa.

Sasa mipaka yake, maana bila hiyo nitakuwa mwuza dawa wa mnadani. Hadubini hii ya bei nafuu haitaji molekuli. Inakupa picha, na kutokana na picha unakisia kundi. Waandishi wengine wa zamani walichanganya masizi na wino wa chuma, na mchanganyiko huo hubaki mweusi ukakudanganya kuwa ni masizi matupu. Kwa hiyo ni hatua ya kwanza. Lakini ni hatua isiyokata kitu.

Mwaka jana nilimwomba mwenzetu ailete tena karatasi ile. Aliileta katika bahasha ile ile ya 1993. Tulifunga madirisha, tukawasha taa. Mistari karibu yote ikafifia kuwa kijivu: wino wa chuma, jibu nililoshindwa kumpa nikiwa na mashine ya fahari. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Lakini mistari mitatu haikufifia. Ilibaki myeusi kabisa, wino wa masizi, na mmoja katika hiyo una jina la mtu.

Tulinyamaza. Nikamwambia, na nawaambia ninyi pia, kwamba wino wa aina mbili si ushahidi wa uwongo. Mwandishi huishiwa wino katikati, akaazima kwa jirani. Mtu huongeza mrithi baada ya mtoto kuzaliwa, tena kwa haki. Taa yangu inasema wino ni tofauti. Haisemi nani aliandika, lini, wala kwa nia gani. Mwenzetu alikaa akiitazama skrini kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Kawaeleze wenzetu, ila usiwaambie ni jina la nani.” Nimetimiza.

Turudi kwenye ajenda. Ombi linasema maabara wamepata hadubini ya infraredi iliyotumika, nusu bei, na wanataka tuchange. Wanaoomba ni vijana wetu wawili waliopita shule hii, wana bidii, nami nawapenda. Lakini kwa maoni yangu tusiinunue. Niliwauliza maswali matatu: naitrojeni mtaipata wapi, umeme ukikatika siku mbili nani atalinda kipande cha chumvi, na nani atakuja kuitengeneza. Kwa la kwanza walitaja mji ulio mbali kwa siku nzima ya gari. Kwa mawili yaliyobaki walitazama chini, kama nilivyotazama mimi miaka ile.

Tena katika kazi nyingi wanazotaka kufanya, hadubini yenyewe si lazima. Mathalani umri wa mbu. Mbu mchanga hawezi kuambukiza malaria hata kama ameinyonya, kwa kuwa vimelea huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani yake. Kwa hiyo umri wa mbu ni habari kubwa. Watafiti wa Ifakara walitumia infraredi ya karibu kwa kazi hiyo na kuchapisha mwaka 2009, na mwaka 2019 wao na wenzao wa Glasgow wakaonyesha ya kwamba infraredi ya kati huweza kusoma umri na aina ya mbu kutokana na ngozi yake. Wanamlaza mbu mkavu mzima juu ya kifuwele kidogo, wanambana, basi. Hakuna hadubini hapo. Hali kadhalika kituo cha utafiti wa kilimo-misitu cha ICRAF huko Nairobi: mwaka 2002 walichapisha uchambuzi wa sampuli za udongo zaidi ya elfu moja za mashariki na kusini mwa Afrika kwa infraredi, wakikadiria hali ya udongo bila kutumia kemikali kwa kila kipimo. Mashine za namna hiyo zisizo na hadubini ni rahisi zaidi, kitambuzi chake hakihitaji kupozwa, na zipo zenye kigawa mwanga cha selenidi ya zinki ambacho hakiogopi unyevu wetu.

Na wale wanaotumaini kwamba hadubini hii itawaonyesha vimelea vya malaria ndani ya chembe ya damu, nasikitika. Wimbi la infraredi ya kati lina urefu wa kama maikromita 10, na huwezi kuona wazi kitu kilicho kidogo kuliko wimbi unalotumia. Chembe nyekundu ya damu ni maikromita 7 au 8. Utaona doa. Zipo mbinu mpya za leza zinazovuka mpaka huo, lakini bei zake sitazitaja mbele ya Mweka Hazina.

Pendekezo langu ni hili. Tuwanunulie hadubini ndogo tatu za infraredi ya karibu, moja ya dukani na mbili wazijenge wenyewe kwa plastiki, na kompyuta yake. Fedha zitakazobaki zilipe nauli za kupeleka vielelezo vinavyohitaji infraredi ya kati mahali ambapo mashine ipo na inafanya kazi, na posho ya kijana mmoja aende akakae nayo miezi mitatu. Watafiti wamejaribu hata karatasi ya alumini ya jikoni kuwa ya kuwekea vielelezo badala ya fuwele za gharama, na imefaa. Kwa hiyo anaweza kuandaa kila kitu hapa hapa, akasafiri na bahasha. Akirudi akasema bado tunahitaji mashine kubwa, nitakuwa wa kwanza kuchanga. Kamati ikiamua vinginevyo nitachanga pia, lakini nitanung'unika, na mnanijua.

Hadubini yangu iko pale kwenye meza ya dirishani, karibu na picha ya timu ya mpira ya 1978. Nitakaa nayo mpaka saa kumi. Aliyekuja na karatasi ya babu yake ailete ilivyo. Asiipanguse, asiinyooshe, asiitie kwenye nailoni. Mkasi nimeuacha nyumbani.